UZI: Kuijenga upya Mazda MX-5 ya kwanza (NA) kwa mbio za saketi. Joto, breki na kutu kwanza, nguvu baadaye

#1 Mwana_Spana

Wakuu, uzi huu ni wa NA peke yake, yaani MX-5 za 1989 hadi 1997, zile zenye taa za kunyanyuka. Za Japani ziliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, na kwa kuwa zina usukani kulia, ndizo nyingi zinazofika kwetu.

Gari hili lina uzito wa kilo 940 hadi 990 hivi kutegemea mwaka na vikorombwezo, injini mbele, msukumo nyuma, na kila gurudumu linashikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini. Ndiyo maana Marekani, ambako MX-5 huitwa Miata, kuna daraja zima la mbio la gari hili, Spec Miata. Kwenye kona halina deni. Linakufa kwa joto, na linakufa kwa kutu.

Injini ni mbili. B6 ya cc 1597, farasi 120 kwa toleo la Japani, na BP ya cc 1839, farasi 130, iliyoanza 1993. Tofauti ya nguvu si kubwa. Kinachofanya 1.8 itafutwe ni vitu vilivyokuja nayo: diski kubwa zaidi, klachi ya mm 215 badala ya 200, na difu yenye nguvu. Ukipata bodi safi ya 1.6, ichukue, hivyo vingine vinahamishika. Bodi iliyooza yenye injini nzuri iache.

Kabla hujatoa pesa, angalia vitu vitatu.

Cha kwanza ni pua ya krenki. 1.6 za mwanzo kabisa, hadi mwanzoni mwa 1991, zina pua fupi. Utazitambua kwa puli: kitovu chake kina nafasi nne, za baadaye zina nane. Kwenye pua fupi, bolti ikishafunguliwa na kukazwa vibaya hata mara moja (mara nyingi wakati wa kubadili belti ya taimingi), kii (kijichuma kinachofunga gia ya taimingi kwenye krenki) huanza kucheza ndani ya mfereji wake na kuula. Washa injini, tulia mbele yake, tazama puli kwa tochi. Ikiyumba, taimingi imeanza kurudi nyuma na nguvu inapotea. Kuna dawa ya kugandisha kwa gundi ya chuma ya Loctite 660, na kwa gari la barabarani huwa inashika miaka. Kwa saketi usiitegemee, tafuta injini ya pua ndefu. Toki (nguvu ya kukazia) ya bolti ya pua fupi ni Nm 108 hadi 118, ya pua ndefu Nm 157 hadi 167. Usizichanganye.

Cha pili ni kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Injini ikiwa moto, plagi zote nne nje, pedali ya mafuta chini kabisa, betri nzima. 1.6 nzima ni psi 192 na kikomo cha chini ni 135. Silinda mbili zisipishane zaidi ya psi 28. Hapo kuna jambo ambalo mafundi wengi wa Nairobi na Arusha hulisahau: vipimo hivyo ni vya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,700 hewa imepungua takriban asilimia 18, kwa hiyo injini nzima itasoma kama 157. Usiihukumu kwa namba ya kitabu. Ihukumu kwa ulinganifu wa silinda.

Cha tatu ni kutu. Namwachia Kutu_ya_Pwani.

#2 Kutu_ya_Pwani

Asante mkuu. Kwenye NA kutu huanzia paa la turubai, na wengi hawaamini mpaka waone.

Maji ya mvua yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa na mfereji wa mpira nyuma ya viti, kisha hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, karibu na nguzo za mikanda, na kutokea chini ya gari mbele ya matairi ya nyuma. Majani na vumbi vikiziba mirija hiyo, maji humwagikia ndani ya kizingiti cha mlango, ule mhimili wa bati uliofungwa pande zote. Kutu inakula kutoka ndani. Kwa nje unaona malengelenge madogo ya rangi kwenye pembe ya chini, sentimita chache mbele ya tairi la nyuma. Ukiona lengelenge la ukubwa wa shilingi, ndani kuna tundu la ukubwa wa kiganja.

Jinsi ya kukagua: mimina nusu lita ya maji kwenye mfereji wa kila upande, hesabu inachukua muda gani kutokea chini. Kisha bonyeza pembe ya kizingiti kwa kidole gumba. Isibonyee hata kidogo. Gonga kwa mpini wa bisibisi kutoka mbele kwenda nyuma: bati zima lina mlio mkali, lililojazwa piki (ule udongo wa kuzibia bodi) lina mlio uliokufa. Sumaku nayo inasaidia, haishiki piki.

Kurekebisha: kata bati la nje mpaka ufikie chuma cheupe, hata kama ni mbali. Mara nyingi bati la ndani nalo limeondoka. Anza na la ndani, tumia bati la mm 1.2, chomelea kwa vituo vifupi vifupi ukiruka huku na huku lisijikunje, kisha la nje. Kabla ya kukata, weka mbao au jeki chini ya gari na upime nafasi ya mlango juu na chini. Gari la wazi halina paa la kulishika, likikatwa kizingiti bila kuegemezwa linakunjika katikati, na mlango hautafunga tena.

Tangi la mafuta liko nyuma ya viti, chini ya kile kibati cha rafu. Ling'oe kabla ya kuchomelea chochote sehemu ya nyuma. Kulifunika na tambara bichi hakutoshi.

Mwisho nyunyizia nta ya ndani kupitia matundu ya kizingiti. Kwa gari linaloishi Mombasa, Tanga au Dar rudia kila mwaka.

#3 Dogo_Mwendokasi

Wakuu nimeelewa kutu. Ila farasi 120 si kidogo? Kwa nini tusifunge taabo (turbo) moja kwa moja halafu haya mengine yafuate?

#4 Mwana_Spana

Mdogo wangu, taabo inafungika, na wapo wanaozitumia vizuri. Ila fuata hesabu. Petroli ikiungua, sehemu kubwa ya nishati yake hutoka kama joto, na sehemu nzuri ya joto hilo huchukuliwa na maji na oili. Ukiongeza nguvu kwa nusu, umeongeza na joto karibu kwa kiasi hicho hicho, kwenye mfumo wa maji ambao hata bila taabo haumalizi dakika 20 za saketi. Kisha gia za pampu ya oili. Ni za unga wa chuma uliobanwa, na mtetemo wa krenki kwenye mizunguko ya juu yenye mzigo huzipasua. Zikipasuka, presha ya oili inashuka hadi sifuri kwa sekunde moja na injini imenoki. Kisha difu ya 1.6 inafuata, kisha diski.

Kwa maneno mengine, taabo itakulazimisha kufanya kila kitu kilichomo humu, na vingine zaidi. Basi anza na haya. Gari lenye farasi 120 linalomaliza kipindi chote litampita lenye 200 lililosimama pembeni linachemsha.

#5 Kipimajoto

Sasa joto lenyewe. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo injini nyingi za NA zinapofia.

Ukoo wa B6 na BP ulitengenezwa kwa magari ya msukumo wa mbele, Mazda 323 na Ford Laser, injini ikiwa imelala kwa upana. Walipoigeuza iangalie mbele kwenye MX-5, njia ya maji kutoka na kurudi vyote vikabaki upande wa mbele wa injini. Themostati iko mbele, pampu iko mbele. Maji yaliyofika silinda ya nne hayana njia nzuri ya kutoka zaidi ya mpira mdogo wa hita nyuma ya hedi. Kwa hiyo silinda ya kwanza inapata maji mapya ya baridi, ya nne inapata yaliyochoka. Geji yako inasoma sehemu moja tu, haikuonyeshi hilo. Ukifungua injini ya saketi iliyochoka, ni kawaida kukuta gasketi au pistoni ya nne ndiyo iliyoumia kwanza.

Dawa ni kuhamishia themostati nyuma. Unaziba tundu la mbele kwa kibao cha alumini na gasketi, unafunga nyumba ya themostati nyuma ya hedi mahali pa mpira wa hita, kisha unavuta mpira wa maji wa mm 32 kutoka nyuma, pembeni mwa injini, hadi juu ya rejeta. Sasa maji yanaingia mbele, yanapita silinda zote nne, yanatokea nyuma. Seti zilizotengenezwa tayari zinauzwa. Ugumu ni nafasi: nyuma ya hedi kuna sensa ya pembe ya kamshafti na ukuta wa boneti, na kidole hakipiti. Fanya kazi hii injini ikiwa nje.

Ukiwa hapo, badili oringi ya hiyo sensa. Ni mpira mdogo sana, ukikauka oili inavuja nyuma ya hedi na kudondokea kwenye mipira ya hita na gia boksi. Fundi asiyejua atakwambia sili ya nyuma ya krenki imekufa, utashusha gia boksi bure, na oili itaendelea kuvuja.

Rejeta: angalia tangi la plastiki la juu. Likiwa jeusi bado linaishi. Likigeuka kahawia au kijani-kahawia limeshapikwa, litapasuka ukiwa mwendo. Funga ya alumini yenye unene wa mm 37 na kuendelea. Lakini rejeta kubwa bila njia ya hewa ni mapambo. Ziba mapengo yote pembeni na juu ya rejeta kwa bati jembamba au sponji, hewa ikose pa kupita isipokuwa kwenye mapezi. Na lile bati la plastiki chini ya pua ya gari lisitupwe. Linaunda mvuto unaonyonya hewa kupitia rejeta. Bila hilo hewa ya chini inapanda nyuma ya rejeta na kuizuia. Nusu ya magari yanayochemsha kwa kasi kubwa huku yakitulia kwenye foleni yamepoteza hilo bati.

Jambo la kuwaomba mafundi wetu: gari likichemsha, usitoe themostati. Ile themostati inabana mtiririko, na kubana huko kunapandisha presha ya maji ndani ya bloku, na presha ndiyo inayozuia maji yasichemke kwenye ukuta wa silinda pale palipo na moto zaidi. Ukiitoa, geji inashuka na unafurahi, huku vipovu vya mvuke vinakula hedi kimyakimya.

Maji: saketi nyingi hazitaki kulenti (dawa ya rejeta) yenye glaikoli kwa sababu ikimwagika lami inateleza kama sabuni na haikauki. Tumia maji yaliyochujwa chumvi, yale ya betri, pamoja na dawa ya kuzuia kutu isiyo na glaikoli. Maji ya kisima yanaacha chokaa ndani ya rejeta, na milimita moja ya chokaa ni blanketi.

Toa upepo ukiwa umenyanyua pua ya gari, kifuniko wazi, hita kwenye moto kabisa.

#6 Binti_Gia

Kipimajoto amesema kweli tupu. Naongezea geji.

Geji ya joto ya NA imetulizwa kiwandani. Sindano inakaa katikati kwa kipande kikubwa cha joto, na ikianza kupanda umeshachelewa. Funga geji ya pili yenye sensa upande wa nyuma wa hedi, na taa nyekundu ya kuwaka kwenye nyuzi 105. Dereva wa mbio hasomi geji, anaona taa.

Ya oili: NA hadi 1994 zina geji ya presha inayopima kweli. Kuanzia 1995 ile sindano inaendeshwa na swichi tu, inasimama katikati presha ikiwa inatosha au ikiwa kubwa sana. Ukiwa na ya 1995 kuendelea, badili sensa na geji.

Oili yenyewe, 1.6 inachukua lita 3.6 hivi pamoja na filta, 1.8 lita 4. Kwa saketi jaza nusu lita juu ya alama, kwa sababu kwenye kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu (bakuli la oili chini ya injini) na bomba la kunyonya linabaki hewani. Tumia sintetiki ya 10W-40 au 15W-50, mwaga kila baada ya siku mbili za mbio. Ikipita nyuzi 130 mara kwa mara, unahitaji kipoza oili chenye themostati yake.

Ukifungua injini: bolti za silinda hedi Nm 76 hadi 81 kwa hatua tatu ukianzia katikati, kepi za beringi kuu Nm 54 hadi 59. Kila uzi uwe umesafishwa na kutiwa oili, la sivyo spana ya toki inakudanganya. Nafasi ya beringi ipimwe kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa, siyo kwa kutikisa kwa mkono. Pampu ya oili mpya, kila mara. Belti ya taimingi ikikatika kwenye injini hizi pistoni hazigongi valvu, lakini mbio umeshazipoteza.

Kuhusu vipuri, usitafute kwa jina la gari. Ukienda Gerezani (Dar) au Kirinyaga Road (Nairobi) ukasema Roadster utaambiwa hakuna. Taja namba ya injini, B6 au BP, twinkamu (yenye kamshafti mbili). Beringi na ringi nyingi ni za ukoo wa Familia, jina la 323 huko Japani. Ila kabla ya kulipa, weka ya zamani na mpya mezani, moja juu ya nyingine.

#7 Mchungaji_wa_Breki

Niingie kwenye breki.

1.6 ina diski za mbele za mm 235, 1.8 zina mm 255. Nyuma ni 231 kwa 251. Kalipa ni zile zile. Kinachobadilika ni mabano ya kalipa, diski na pedi. Kwa hiyo unahitaji mabano manne, diski nne na pedi za 1.8, na bado zinaingia ndani ya rimu za inchi 14. Badili mbele na nyuma pamoja. Ukibadili mbele tu, unahamisha kazi yote kwenye tairi za mbele na gari linakataa kuingia kona ukiwa bado umekanyaga.

Pini za kuteleza za kalipa za nyuma ndizo ugonjwa wa NA. Zinakauka, pedi moja inaisha huku nyingine mpya. Zitoe, zisugue kwa msasa laini, paka grisi ya silikoni ya breki, siyo ile ya beringi, ambayo inavimbisha mpira.

Breki ya nyuma hairekebishwi kwa kuvuta kebo ya hendibreki. Nyuma ya kila kalipa kuna bolti ya kufunika, ya 14. Ifungue, ndani utaona tundu la spana ya ellen ya mm 4. Zungusha kulia mpaka gurudumu linashika kabisa, kisha rudisha kushoto theluthi moja ya mzunguko. Gurudumu lizunguke kwa mkono huku unasikia pedi inagusa kidogo. Watu wamebadili masta silinda wakidhani imekufa kwa sababu pedali inazama, kumbe ni hii tu.

Mafuta ya breki: DOT 4 ya kawaida ikiwa mpya lazima istahimili angalau nyuzi 230, ikishanyonya unyevu kikomo ni 155 tu. Kwenye hewa ya pwani inanyonya haraka. Tumia ya mbio inayopita 300, na chupa iliyofunguliwa mwezi uliopita isirudi kwenye gari. Toa upepo kuanzia gurudumu la mbali na masta. Kwa usukani wa kulia ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia.

Sasa jifunzeni kutofautisha mambo haya mawili mkiwa mwendo. Pedali ngumu lakini gari halisimami: pedi zimepita joto lake. Pedali inazama mpaka sakafuni: mafuta yamechemka. La kwanza linatibiwa kwa pedi za daraja la juu, la pili kwa mafuta na bomba la hewa la mm 75 linalopuliza katikati ya diski. Ukitibu moja kwa dawa ya nyingine utatupa pesa.

Pedi mpya zipikwe kwanza: breki nane hadi kumi kutoka kasi ya kati, kila moja nguvu zaidi, bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu zipoe. Usisimame na mguu kwenye breki diski zikiwa moto, pedi itaacha alama yake pale na usukani utatetemeka milele.

#8 Dogo_Mwendokasi

Mkuu na difu? Kuna fundi amesema achomelee ya 1.6 tu.

#9 FundiChesisi

Kuchomelea kunafaa kwa kuteleza maonyesho. Kwenye saketi gurudumu la ndani na la nje lazima zipishane mwendo, difu iliyochomelewa inasukuma pua nje ya kona na kuvunja shafti. Difu ya 1.6 ina gia ya inchi 6, ya 1.8 ina inchi 7 na kuanzia 1994 zilikuwepo zenye Torsen, yaani difu ya gia inayopeleka nguvu kwa gurudumu lenye mshiko. Ihamishe hiyo, pamoja na propela shafti na shafti za pembeni za 1.8, kwa maana za 1.6 haziingiliani nayo. Oili lita moja. Torsen ina udhaifu mmoja: gurudumu likinyanyuka hewani, haishiki. Kwa hiyo springi na stabilaiza ya nyuma visiwe vigumu kiasi cha kulinyanyua.

Ukirudisha ile fremu ndefu ya alumini inayounganisha gia boksi na difu, bolti zake ni Nm 104 hadi 124, na gia boksi iegemezwe kwa jeki kwa urefu wake sahihi wakati wa kukaza. Ikilala, propela inatetemeka na utaanza kutafuta ugonjwa kwenye tairi.

Sasa chini. Mikono ya NA inarekebishwa kwa bolti ndefu zenye kemu. Baada ya miaka 30 bolti hizo zimegandana na bomba la chuma ndani ya bushi. Utageuza, utaona nati inazunguka na bushi inajikunja nayo. Usilazimishe, utavunja kemu. Loweka kwa mafuta ya kupenya siku mbili kabla, pasha moto, na zikikataa kata kwa msumeno pande zote mbili za bushi kisha agiza mpya. Wakati wa kufunga paka grisi ya shaba, na kaza bolti za bushi za mpira gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukikaza gari likiwa juu ya jeki, mpira unakuwa umesokotwa muda wote na unachanika.

Springi za kuanzia kwa tairi za barabara zenye mshiko: kilo 10 kwa milimita mbele, 6 nyuma, na shokapu zinazoweza kuzimudu. Springi ngumu juu ya shokapu za kawaida ni kurukaruka tu. Urefu: pima kutoka mshono wa bati chini ya mlango hadi chini. Mbele mm 115 hadi 120, nyuma mm 10 zaidi. Usishushe zaidi, shokapu za nyuma zinafika mwisho, gari linakaa juu ya mpira wa kuzuia, na linazunguka ghafla katikati ya kona bila onyo.

Alaimenti ya kuanzia: kemba (tairi kulala ndani au nje kwa juu) ya mbele nyuzi hasi 3, nyuma hasi 2.5, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) 4.5 hadi 5 zilingane kulia na kushoto, tou (tairi kuelekea ndani au nje kwa mbele) ya mbele sifuri, nyuma ndani mm 2 kwa jumla. Kemba ya mbele ya hasi 3 mara nyingi haifikiki bila bolijointi za chini zilizorefushwa. Dereva awe amekaa ndani wakati wa kupima, au weka mifuko ya mchanga ya uzito wake. Gari la kilo 950 linajua nani amekaa kulia.

Tairi 195/50R15 juu ya rimu ya upana wa inchi 7, PCD 4x100, yaani matundu manne ya bolti kwenye duara la mm 100. Anza psi 25 baridi, lenga 31 moto. Kila ukirudi pima joto la mpira sehemu tatu. Ndani iwe moto kuliko nje kwa nyuzi 5 hadi 10. Ikizidi hapo punguza kemba.

#10 Binti_Gia

Usalama, na hapa naomba hakuna anayefupisha.

NA ni gari la wazi. Likipinduka, fremu ya kioo cha mbele haibebi. Upinde wa kinga wenye miguu minne ni wa lazima hata kwa siku ya mazoezi, na keji kamili (fremu ya mabomba inayomzunguka dereva) kwa mbio. Vipimo vya FIA, shirikisho la dunia la mbio za magari, kwa upinde mkuu: bomba la chuma lisilo na mshono, mm 45 kwa unene wa 2.5, au mm 50 kwa 2.0. Mabomba mengine mm 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0. Bomba la maji au la geti halimo, hata likiwa nene. Lina mshono na linapasukia hapo. Kila mguu wa upinde mkuu ukae juu ya bati la mm 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, bolti angalau tatu za M8 daraja 8.8. Mguu uliofungwa kwenye bati la sakafu peke yake utatoboa sakafu.

Kaa ndani na helmeti. Weka ubao ulionyooka kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo. Helmeti iwe chini ya ubao kwa angalau sentimita 5. Warefu hushindwa hapa, na jibu ni kushusha kiti, reli zitolewe na kiti kifungwe moja kwa moja kwenye mabano ya chuma.

Mikanda ya mabega irudi nyuma karibu usawa, ikiwa na kinga ya shingo nyuzi 0 hadi 20 chini ya mlalo. Ikishuka sana kuelekea sakafuni, ajali inapotokea inakandamiza uti wa mgongo. Mkanda wa mbio bila kiti cha mbio usitumike, utapanda tumboni.

Na keji kamili isiendeshwe barabarani bila helmeti. Bomba liko sentimita chache na kichwa chako.

#11 Kutu_ya_Pwani

Betri ya NA iko kwenye buti. Ya kawaida ya maji inatoa mvuke wa asidi ambao unakula bati la buti kuanzia chini ya trei. Funga iliyofungwa kabisa au yenye mirija ya kutolea mvuke nje. Swichi kuu ya kukata umeme iwe ya nyaya sita. Ile ya nyaya mbili inakata betri tu, injini inaendelea kuzunguka kwa umeme wa oltaneta, na pampu ya mafuta inaendelea kusukuma petroli.

#12 Mzee_wa_Bandari

Kwa wanaotaka kuagiza: Kenya inakataa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo NA haiingii, tafuta zilizokwishaingia. Uganda kikomo ni miaka 15. Tanzania inaruhusu lakini kuna ushuru wa ziada wa uchakavu, piga hesabu ya jumla kabla ya kushinda mnada.

#13 Dogo_Mwendokasi

Nashukuru sana wakuu. Swali la mwisho. Gari limekamilika, siku ya kwanza saketi naangalia nini?

#14 FundiChesisi

Kipindi cha kwanza mizunguko mitano tu, nusu ya mwendo, kisha rudi. Kabla ya kuzima acha injini izunguke dakika moja. Usivute hendibreki, weka gia na kabari.

Kaza nati za magurudumu upya, Nm 90 hadi 118, rimu zikishapoa. Nyanyua mbele, shika tairi juu kabisa na chini kabisa, tikisa. Ikicheza, ni beringi ya kitovu. Za mbele haziwezi kurekebishwa, ni kubadili kitovu kizima, na nati yake ya kati Nm 167 hadi 216 iwe mpya kila mara kwa sababu ile ya zamani imeshagongwa mdomo ili isifunguke. Kwa tairi zenye mshiko beringi hizi ni kitu cha kuisha, kama pedi. Beba cha akiba.

Piga tochi chini: oringi ya sensa nyuma ya hedi, mipira ya maji, mafuta ya breki kwenye kila kalipa. Pima oili. Angalia rangi ya ukingo wa diski.

Mafuta ya gari yasishuke chini ya robo ya tangi. Kwenye kona ndefu pampu itanyonya hewa, injini itakata katikati ya kona, na utadhani ni plagi.

#15 Kipimajoto

Na fungua kifuniko cha rejeta kesho yake asubuhi, siyo siku hiyo. Kama maji yamepungua zaidi ya kikombe na hakuna palipovuja nje, fanya jaribio la gesi ya egzosti kwenye maji kabla ya kurudi saketi.

#16 Dogo_Mwendokasi

Nimeanza na mirija ya turubai. Wa kulia maji yametoka kwa sekunde nne. Wa kushoto bado yamesimama.

#17 Kutu_ya_Pwani

Usipitishe waya mkali, utatoboa mpira na maji yataingia hukohuko kwenye kizingiti. Tumia kebo ya breki ya baiskeli, ncha yake uifunge utepe, pandisha kutoka chini kwenda juu. Uchafu ukitoka, mimina lita moja, halafu gonga kile kizingiti na utuambie mlio.